Maswali Yenu Kuhusu Reli Ndogo: Miamba

Barua za safari hii karibu zote zinauliza kuhusu mawe. Majibu yote ni ya reli za mfano za skeli ya 1:87, yaani H0, ambapo kila kitu hupunguzwa mara 87, isipokuwa pale tulipotaja skeli nyingine. Jasi tunayoizungumzia ni ile ya unga inayouzwa kwa jina la POP, ya kumwagia mapambo ya dari, si ile ya kuzibia nyufa za ukuta.

Nimejenga kituo cha Mwanza kwa reli ya milimita 12. Nyuma ya kituo nimeweka miamba niliyoimwaga kwenye kalibu ya silikoni ya kununua. Inapendeza, lakini kila anayeijua Mwanza akiitazama anasema, "Hapa si kwetu." Kasoro iko wapi? (Msomaji, Nyamagana)

Reli yako haina neno: geji ya mita (nafasi kati ya vyuma viwili vya reli) ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11.5, na 12 ndicho kipimo cha karibu kinachouzwa. Kasoro ni kalibu. Nyingi za dukani zimechongwa kuiga magenge ya Ulaya na Marekani, yenye tabaka zilizolala, kingo kali na nyufa za kila upande. Mwanza ni mji wa itale, yaani graniti, na itale haina tabaka. Hupasuka kwa nyufa ndefu zilizonyooka, mafungu mawili au matatu yanayokatana karibu na pembe mraba, hivyo jiwe lote likagawanyika kuwa mabonge ya pande sita. Maji yakishapenya kwenye nyufa hizo huanza kuozesha jiwe. Pembe hushambuliwa kutoka pande tatu, ukingo pande mbili, uso upande mmoja tu, kwa hiyo pembe ndizo zinazokwisha kwanza. Mvua ikichukua udongo uliolainika katikati, yanabaki mawe ya mviringo yaliyobebana kama unavyoyaona Capri Point au pale Bismarck Rock.

Ndiyo maana hatukushauri ufinyange mviringo. Ukianza na mpira utaishia na mipira. Anza na bonge la pande sita, kisha uondoe pembe.

Tumia foamu ngumu ya kuhami joto, ile ya buluu au ya waridi, ukiipata. La sivyo, foamu nyeupe ya kwenye maboksi ya friji inafaa, ila chembe zake huruka na kunasa kila mahali, basi ikatie nje. Kata mabonge ya ukubwa tofauti: jiwe la mita 6 huwa sentimita 7 kwa skeli yako, na mtu mzima ni sentimita 2 tu, kwa hiyo mawe matatu ya sentimita 7 yaliyopandana tayari ni kilima. Kabla ya kuyatenganisha, chora kwenye foamu mistari ya nyufa, yote ikielekea pande zilezile mbili kwa kilima chote. Mawe yaliyobaki mahali pake lazima nyufa zake zilingane na za jirani. Yaliyobingirika tu ndiyo yenye ruhusa ya kukaa ovyo. Hatua hii wengi huiruka, na jicho huona kosa hata kama mtazamaji hawezi kulitaja.

Punguza pembe kwa kisu, kisha kwa msasa namba 80. Gundisha mabonge kwa gundi nyeupe ya seremala na vijiti vya meno, uyaache usiku kucha, maana katikati ya foamu mbili gundi hiyo hukauka polepole sana. Usitumie gundi ya makopo yenye harufu ya petroli wala rangi ya kupuliza: vyote viwili huyeyusha foamu.

Koroga jasi iwe na uzito wa mtindi, paka ganda la milimita 2 hadi 3 kwa brashi ya zamani, na likianza kushika lipitishie sponji yenye maji ili uso uwe laini. Hapa wengi hupotea kwa kuchanganya mchanga kwenye rangi ili jiwe "likwaruze." Chembe ya mchanga ya nusu milimita ni jiwe la zaidi ya sentimita 4 kwa skeli hii. Fuwele za itale ya kweli zikipunguzwa mara 87 hazionekani kabisa, kwa hiyo uso sahihi ni laini usiong'aa. Ukali uweke mahali pawili tu: penye ufa, na pale ambapo jiwe limebanduka ganda. Itale kubwa hubanduka maganda mapana yanayofuata mzingo wa jiwe. Jasi ikiwa bado mbichi, chora kwa ncha ya kisu mstari uliopinda, kisha komba upande mmoja wake kwa kina cha milimita moja.

Rangi ya msingi ni kijivu chepesi chenye hudhurungi kidogo ya waridi. Juu yake shusha michirizi myeusi kutoka kileleni, pale maji ya mvua yanapopita na ukoga kuota. Michirizi iwe mipana juu, myembamba chini, na isifike penye uvungu, kwa kuwa huko maji hayapiti. Mawe yaliyo ziwani yapate weupe juu, wa kinyesi cha ndege. Udongo na vichaka viweke kati ya mawe, si juu yake.

Jasi yangu mara hushika bakulini kabla sijaimwaga, mara hutoka kwenye kalibu inapukutika. Nimebadilisha duka, hali ni ileile. (Msomaji, Nairobi South B)

Duka huenda halina hatia. Vipimo kwa ujazo ni vikombe viwili vya jasi kwa kikombe kimoja cha maji. Kwa uzito ni kama gramu 100 za jasi kwa gramu 60 hadi 65 za maji. Maji yakizidi, yatakapokauka yataacha vitundu vidogo, na jiwe litakuwa chaki. Maji baridi yatangulie bakulini, jasi ifuate, ukiinyunyiza kwa mkono hadi vilima vidogo vibaki juu ya maji. Iache dakika moja au mbili inywe yenyewe. Kisha koroga taratibu kwa dakika moja, kijiko kikigusa chini ya bakuli ili usiingize hewa.

Kushika mapema kuna sababu tatu za kawaida. Maji ya uvuguvugu huharakisha. Kukoroga kwa nguvu au kwa muda mrefu huharakisha pia. Na kubwa kuliko zote ni bakuli chafu: mabaki ya jasi iliyokwisha kushika ni mbegu za fuwele, na mchanganyiko mpya ukizigusa huanza kuganda papo hapo. Tumia bakuli la plastiki laini, acha mabaki yakauke, likunje, yatajivunja yenyewe. Usiyamwage kwenye sinki; jasi hushika hata chini ya maji, na fundi bomba hatakuonea huruma.

Kupukutika, mbali na maji mengi, hutokana na jasi iliyovuta unyevu au jasi "iliyookolewa." Mchanganyiko ukianza kuwa mzito watu huongeza maji na kukoroga upya. Hapo unavunja fuwele zilizokwisha kushikana, nazo hazirudi. Utupe, anza tena. Ukihitaji muda zaidi, tia matone machache ya siki kwenye maji kabla ya kuweka jasi, ujaribu kwanza kwa kiasi kidogo, kwani siki ikizidi nayo hudhoofisha.

Kalibu ipulizie maji yenye tone la sabuni ya vyombo, mwaga jasi kidogo kwanza na uipake kwa brashi kwenye vipembe vyote, kisha jaza. Gonga meza mara kadhaa hewa itoke. Jasi hupata joto inaposhika; subiri joto lipande na lishuke, kwa kawaida nusu saa, ndipo ukunje kalibu. Ukitoa jiwe likiwa bado na joto, ncha nyembamba hubaki ndani.

Kuhusu ile jasi ya kuzibia nyufa inayouzwa tayari ndoo nzima: hiyo hukauka, haishiki. Hupungua inapopoteza maji, na ukiipaka zaidi ya milimita 3 kwa mara moja itapasuka. Ni nzuri kwa kuziba maungio kati ya jiwe na jiwe, si kwa kumwaga.

Nimepaka genge langu la Bonde la Ufa rangi tatu tofauti, bado linaonekana ukuta uliopakwa rangi. Pia kuna mabaka meupe yanayokataa rangi kabisa. (Msomaji, Nakuru)

Umeipaka jasi, ilhali ulitakiwa kuinywesha. Jasi iliyokauka hufyonza, na hiyo ndiyo faida yake kubwa kuliko foamu tupu au plastiki. Rangi nzito hufunga uso, na baada ya hapo kila kinachofuata hukaa juu juu.

Chukua rangi za akriliki za kawaida zisizong'aa: hudhurungi iliyokoza, manjano ya udongo, na nyeusi. Hudhurungi na manjano, kila moja kijiko kimoja cha chai kwa vijiko 16 vya maji. Nyeusi iwe nyepesi zaidi, kijiko kimoja kwa vijiko 32. Zitaonekana kama maji machafu, wala usishawishike kuongeza.

Anza na manjano. Gusa kwa sponji mabaka yasiyo na mpangilio, kiasi cha theluthi ya uso. Fuatisha hudhurungi kwenye sehemu zilizobaki nyeupe, theluthi nyingine, ukiacha mabaka yagusane na kuchanganyika yenyewe. Genge litafanana na ngozi ya chui na utatamani kuacha kazi. Usiache. Kabla halijakauka kabisa, mwagia ile nyeusi juu mpaka chini kwa brashi pana au chupa ya kupulizia. Itatelemka kwenye nyufa na kuunganisha mabaka yote. Subiri hadi kesho yake ndipo uamue kama panahitaji zaidi, maana jasi yenye maji ni nyeusi kuliko ikikauka, na tofauti ni kubwa.

Likikauka kabisa, chukua brashi ngumu, chovya kidogo kwenye rangi nyeupe iliyotiwa tone la manjano, ifute kwenye karatasi hadi isiache alama, kisha ipitishe kwa wepesi juu ya kingo kutoka juu kwenda chini. Kingo zitajitokeza. Ukiona uso wote umekuwa mweupe, brashi ilikuwa na rangi nyingi. Rudisha maji meusi mara moja.

Mabaka meupe ni gundi. Ulipobandika mawe, gundi ya seremala ilichuruzika au vidole vilikuwa nayo, ikaziba vitundu vya jasi. Hakuna maji ya rangi yatakayopenya. Kwangua kwa ncha ya kisu hadi upate jasi tupu, kisha ugusie rangi. Kwenye maungio marefu paka jasi mpya nyembamba juu ya gundi. Ili lisijirudie, paka rangi mawe yakiwa bado mezani, bandika baadaye.

Jambo moja kuhusu eneo lako: magenge ya Bonde la Ufa ni ya volkano, lava ngumu juu na majivu yaliyoshikana chini, kwa hiyo mstari wa kubadilika unatakiwa uonekane. Lava huvunjika kwa nyufa za wima na kubaki kijivu kilichokoza. Majivu huliwa na mvua, yana mteremko wa polepole na rangi ya krimu au ya kahawia hafifu. Nguzo zile za Hell's Gate ni lava iliyopasuka ilipopoa. Ukizijenga, kata vijiti vya foamu vya pande tano na sita, upana wa milimita 5 hadi 12, uvisimamishe pamoja kwa vimo tofauti.

Mwisho, paka rangi chini ya taa ileile itakayoangaza reli. Genge lililopakwa chini ya taa nyeupe ya LED huwa jekundu chini ya taa ya manjano.

Asalaam aleikum. Je, mwamba wa matumbawe wa pwani unatengenezwaje? Jasi inatoka laini mno. (Msomaji, Likoni)

Waaleikum salaam. Kwa matumbawe weka jasi kando. Chukua foamu ngumu, ikate kwa kisu umbo la genge, halafu dondosha asetoni au thina tone moja moja kwa kijiti. Kila tone litakula shimo lenye kingo za kuchongoka, ndivyo hasa jiwe la pwani linavyoonekana karibu na maji ya chumvi. Fanya nje penye upepo, mbali na jiko na sigara. Uvungu unaoliwa na mawimbi uchonge kwa kisu, usawa wa maji kupwa na kujaa, uingie ndani sentimita 2 au zaidi. Ziba foamu kwa rangi ya maji ya nyumba kabla ya kitu kingine. Sehemu inayorushiwa maji ya bahari iwe kijivu cheusi. Palipokatwa upya kwa ajili ya reli pawe krimu.

Garatti langu (injini ya mvuke) la darasa la 59 linakwaruza mwamba kwenye kona, ingawa mabehewa yote yanapita. Nilipima nafasi kwa behewa refu kuliko yote. Nimekosea nini? (Msomaji, Changamwe)

Injini hiyo ya East African Railways ina urefu wa karibu mita 31.7, yaani sentimita 36 na kitu kwa 1:87, na boila yake imebebwa katikati ya vyombo viwili vinavyojigeuza. Kwenye kona, tumbo la boila huingia ndani ya kona, na ncha za matangi hutoka nje. Behewa halifanyi hivyo kwa kiasi hicho.

Unaweza kukadiria kuingia ndani kabla ya kumwaga jiwe lolote. Pima umbali kati ya egemeo mbili zinazobeba boila (au kati ya mabogi, yaani vigari vya magurudumu vilivyo chini, kwa behewa), uzidishe kwa wenyewe, kisha ugawe kwa mara nane ya nusukipenyo cha kona. Behewa lenye milimita 160 kati ya mabogi, kwenye kona ya nusukipenyo milimita 450, huingia 160 × 160 ÷ 3,600, yaani milimita 7. Umbali ukiwa mara mbili ya huo, jibu ni mara nne. Jumlisha nusu ya upana wa chombo, na juu yake milimita 10 za usalama.

Njia ya mkono ni bora zaidi: funga penseli kwa selotepu ubavuni mwa injini, katikati na kwenye kila ncha, iburute polepole juu ya kadibodi iliyotandazwa kandokando ya reli. Mstari wa nje kabisa ndio mpaka wako, kila upande. Fanya hivyo pia kwa kimo, kwa sababu mwamba unaoinamia reli hukwaruza paa, si gurudumu.

Kwa kuwa utalikata jiwe upya, kumbuka kwamba mwamba uliopasuliwa kwa baruti haufanani na wa asili ulio juu yake. Una kingo kali, rangi nyepesi isiyo na ukoga, na mara nyingine nusu ya tundu la kekee limebaki usoni. Tundu la sentimita 4 ni nusu milimita tu kwa skeli yako: likwaruze kwa sindano, wima, mawili matatu basi. Chini acha mtaro wa maji kati ya mwamba na kokoto za reli, na rundo dogo la vifusi. Kabla ya kukata, funika reli kwa selotepu ya karatasi na utoe injini chumbani. Vumbi la jasi likiingia kwenye gia hugeuka msasa, na likikaa juu ya reli huzuia umeme.

Ninaishi Hamburg na ninajenga kipande cha TAZARA milimani, kati ya Mlimba na Makambako, kwa skeli ya 1:120. Nimeweka miamba mitupu pande zote za handaki, lakini nikilinganisha na picha naona tofauti. (Msomaji, Ujerumani)

Skeli umechagua vizuri: geji ya TAZARA ni milimita 1,067, ukigawa kwa 120 unapata 8.9, na reli ya milimita 9 inapatikana kila mahali huko uliko.

Tofauti unayoiona ni udongo. Kwenye milima ile yenye mvua nyingi, mwamba umeoza kwa kina na kufunikwa na udongo mwekundu na majani. Handaki huwa na mdomo wa zege, mteremko uliokatwa, nyasi, na jiwe likichungulia hapa na pale. Ondoa robo tatu ya miamba yako. Iliyobaki iweke moja kwa moja juu ya mdomo wa handaki na palipokatwa wima.

Udongo wa kweli ndio wenye rangi sahihi, ukiweza kubeba kikombe kimoja utakapokuja likizo. Uliza kwanza kama forodha ya Ujerumani inauruhusu. Ukaushe kwenye oveni nyuzi 100 kwa saa moja kuua wadudu, utwange, uuchuje kwa chujio la chai kisha kwa soksi ndefu ya nailoni. Halafu, na hili usilipuuze, pitisha sumaku yenye nguvu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki mara tano sita. Udongo mwekundu mara nyingi una chembe nyeusi za chuma, na sumaku iliyo ndani ya mota ya injini itazivuta zote. Nyunyiza udongo juu ya gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji nusu kwa nusu. Gundi huufanya ukoze, kwa hiyo jaribu kwanza juu ya kipande cha kadibodi. Ukikoza kupita kiasi, changanya udongo na unga mkavu wa jasi iliyokwisha kushika, sehemu moja ya jasi kwa kumi za udongo.